Walimu wa Kiswahili wa Berlin: Asili Zao, Mapenzi Yao na Heshima Yao

Anayeisoma historia ya uchunguzi wa Kiswahili hukutana mapema sana na majina ya wageni. Humkuta Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Humkuta Edward Steere, aliyeteremka Unguja mwaka 1864 na kutoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Kisha huwakuta Büttner, Velten, Sacleux na Meinhof. Majina hayo yamo katika kila orodha, na si haki kuyafuta, kwani wenye majina hayo walifanya kazi kubwa. Lakini hapana hata mmoja kati yao aliyezaliwa na lugha hii mdomoni. Kila mmoja alikaa mbele ya mtu aliyemfundisha kutamka, akamsahihisha, akamweleza kwa nini neno hili linafaa barazani na lile halifai. Mtu huyo aghalabu alibaki bila ya jina, au jina lake likatiwa katika mstari mmoja wa shukrani kisha likasahauliwa.

Kuna kundi moja, hata hivyo, ambalo halikuweza kusahauliwa kabisa. Nalo ni la watu wa Unguja na mwambao walioajiriwa kufundisha Kiswahili mjini Berlin kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na Vita Vikuu vya Pili. Hawa hawakuwa watu wa kuulizwa maswali tu na kuachwa waende zao. Walikuwa na mkataba, mshahara, darasa na wanafunzi, na baadhi yao waliacha maandishi yao wenyewe. Kuwajua walitoka wapi, walipenda nini na yaliwafika yapi ni sehemu ya kuijua historia ya lugha yenyewe.

Chuo na wanafunzi wake

Mwaka 1887 serikali ya Ujerumani ilifungua katika Chuo Kikuu cha Berlin taasisi ya kufundisha lugha za Mashariki. Mwongozaji wake alikuwa Eduard Sachau, bingwa wa Kiarabu, na makusudio yake hayakufichwa: Ujerumani ilitaka wakalimani, makarani na mahakimu watakaoweza kufanya kazi ng'ambo. Wakati huo kampuni ya Carl Peters ilikuwa imekwisha kujitwalia mikataba bara ya Tanganyika, na mwaka 1888 ikaukodi mwambao kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Kiswahili kikaingizwa chuoni tangu mwanzo, chini ya Carl Gotthilf Büttner, padri aliyekuwa amewahi kufanya kazi kusini-magharibi ya Afrika.

Mpango wa masomo uligawa kazi mafungu mawili. Profesa Mjerumani alifundisha sarufi, yaani kanuni za ngeli, vitenzi na viambishi. Mwenyeji wa lugha aliwafundisha wanafunzi matamshi, mazungumzo, kusoma na kuandika, pamoja na kusoma barua zilizoandikwa kwa harufu za Kiarabu. Fungu hili la pili lilikuwa na faida kubwa kuliko lilivyoonekana katika ratiba. Wakati huo barua nyingi za mwambao, za biashara, za madai, za salamu na za siasa, ziliandikwa kwa harufu hizo, na mtumishi wa serikali asiyeweza kuzisoma alikuwa kipofu ofisini mwake. Mwaka 1892 Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya harufu za Kiarabu uwe kitabu cha darasani. Mtu anayekitazama leo huona ndani yake mkono wa wenyeji: mtindo wa salamu, mpangilio wa dua, namna ya kumtaja mkubwa kabla ya kutaja haja.

Mgawanyo huo wa kazi ulileta tabu tangu siku ya kwanza. Katika desturi ya mwambao na visiwani, mwalimu wa chuo ndiye mwenye elimu yote. Mtoto hupelekwa kwake na kibao chake, mzazi hutoa ada kila mtoto anapofika hatua fulani ya kusoma, na heshima ya mwalimu hubaki hata mwanafunzi akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Berlin mwalimu mwenyeji alikuwa chini ya profesa. Mwanafunzi wake alikuwa mtu mzima, aghalabu mwanasheria au ofisa wa jeshi, ambaye kesho angepanda meli kwenda kuitawala nchi ya mwalimu. Leo huyu anamsahihisha yule neno. Kesho yule atakuwa na amri juu ya ndugu za huyu.

Waliotoka Unguja

Wa kwanza kushika kazi hiyo alikuwa Sleman bin Said, Mwarabu wa Unguja, aliyefika Berlin mwaka 1889. Baada yake, mwaka 1891, alikuja Amur bin Nasur il-Omeiri, naye pia wa Unguja, akakaa hadi mwaka 1895. Si ajabu kwamba wote wawili walitoka kisiwani. Unguja ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa biashara na utawala wa mwambao, na Kiunguja, kwa kupitia kitabu cha Steere na misafara ya bara, kilikuwa kimekwisha kujulikana kwa wageni kuliko lahaja nyingine. Mabwana wa Berlin walipotaka mwalimu, walitaka lugha ya Unguja. Hivyo wanafunzi wa Kijerumani walikuwa wakifundishwa Kiunguja miaka takriban 40 kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu.

Wakati wa safari ya Amur nao una maana yake. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1890, Uingereza na Ujerumani zilipatana. Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Mwingereza, na mwambao wa Tanganyika ukawa wa Mjerumani, aliyemlipa Sultani marki milioni nne. Amur, basi, aliondoka katika kisiwa kilichokwisha kuingia mkononi mwa dola moja ya Ulaya, akaenda kufundisha lugha yake katika mji mkuu wa dola nyingine.

Huko aliandika habari zake mwenyewe, na Büttner akazitia katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili uliotoka mwaka 1894. Ndani yake Amur anasimulia maisha yake ya Unguja, safari yake ya baharini na mambo aliyoyaona Ulaya. Maandishi hayo yana thamani ya pekee. Mpaka hapo ni wageni waliokuja kwetu wakaandika walivyotuona. Sasa mtu wa kisiwani alikwenda kwao, akawatazama, akaandika alivyowaona, tena kwa Kiswahili. Miaka minane tu kabla yake, mwaka 1886, mji huo huo wa Berlin ulikuwa umechapisha kumbukumbu za Seyyida Salme binti Said, ajulikanaye huko kwa jina la Emily Ruete. Lakini yeye aliandika kwa Kijerumani, akiwasemesha Wajerumani. Amur alikaa kati ya wasomaji wawili, mwanafunzi wa Kijerumani na ndugu zake wa Unguja, na kwa hiyo nathari yake ina sauti ya barua ndefu iliyoandikwa kupelekwa nyumbani.

Mwalimu wa Dunda

Aliyekuwa maarufu zaidi kati yao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Dunda, kijiji cha Uzaramo kilicho jirani na Bagamoyo. Alisoma Kurani na elimu ya dini Bagamoyo, akawa mwalimu wa chuo, na baadaye akafanya kazi ya kukusanya kodi chini ya Wajerumani. Bagamoyo ya ujana wake ilikuwa mji wa misafara: pembe ziliteremka kutoka Tabora na Ujiji, nguo na shanga zilipanda, na katika kila nyumba palikuwa na mgeni wa kabila jingine. Mtoro alikuwa na umri wa kiasi cha miaka 20 wakati Bushiri bin Salim alipoongoza vita dhidi ya Wajerumani, akanyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Mtu aliyekulia katika mji wa namna hiyo, na wakati wa namna hiyo, hakuhitaji kuambiwa kwamba desturi za watu zinaweza kubadilika au kupotea. Alikuwa amekwisha kuona zikianza kupotea.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa mwalimu chini ya Carl Velten, aliyekuwa amewahi kuwa mkalimani wa serikali katika Afrika Mashariki ya Kijerumani na sasa alikuwa mwalimu wa Kiswahili chuoni. Kutokana na kazi yao kulitoka vitabu viwili. Cha kwanza, *Safari za Wasuaheli*, kilitoka mwaka 1901 na kukusanya simulizi za wasafiri mbalimbali, ikiwamo safari ya Mtoro mwenyewe Udoe na Uzigua. Cha pili ni *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903.

Mapenzi ya Mtoro yanaonekana wazi katika kitabu hiki cha pili. Kinaanza na mimba na kuzaliwa, kikaendelea na malezi, chuo cha Kurani, jando na unyago, ndoa na talaka, ngoma, pepo na waganga, kilimo, uvuvi, biashara, utumwa, kesi na sheria, hata kifo na mirathi. Mpangilio wa kufuata umri wa mtu tangu mimba hata kaburi si mpangilio wa kitabu cha sarufi. Ni wa mwalimu wa chuo aliyezoea kuwaona watoto wakiletwa na wazee wao, wakikua, wakioa, wakizikwa. Pale anapoeleza mambo ya pepo na uganga, anaeleza kama mtu wa dini anayejua sheria inasema nini, lakini hamdharau anayefanya. Pale anapoeleza uhusiano wa bwana na mtumwa, haupambi kwa maneno mazuri wala hamsemeshi mtumwa kama chombo. Lugha yake ni fupi na safi. Sentensi moja hubeba jambo moja, kisha ikaiachia nyingine.

Jina katika jalada

Kitabu hiki kilitoka kikiwa na jina la Velten kama mkusanyaji na mhariri. Ni kweli kwamba haikuwa kazi ya mtu mmoja: wenyeji wengine nao walichangia, na Velten ndiye aliyehariri na kusimamia uchapishaji, akatoa pia tafsiri ya Kijerumani mwaka huo huo. Lakini mkono mkuu katika nathari hiyo ulikuwa wa Mtoro. Kwa miongo mingi, katika maktaba za Ulaya na Afrika, kitabu kiliitwa "Velten, 1903", na mwanafunzi aliyetaja jina hilo katika insha yake hakujua kwamba alikuwa akimnukuu mwalimu wa chuo wa Bagamoyo.

Jambo hilo halikuanza na Velten wala halikuishia kwake. Tofauti ya mwandishi na mtoaji habari ndiyo iliyoamua nani awe bingwa na nani awe msaidizi, nani apate cheo na nani apate ujira. Mtu anaweza kutunga kurasa mia tatu na bado akaitwa mtoaji habari, kwa kuwa ameandika juu ya watu wake mwenyewe. Mwingine huzipanga kurasa hizo, akawa mwandishi. Kosa hilo lilianza kurekebishwa mwaka 1981, ilipochapishwa Marekani tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari likasimama mahali pake. Miaka 78 ilikuwa imepita tangu kitabu kitoke, na 54 tangu mwenyewe kufariki.

Darasani na bandarini

Maisha ya Mtoro Berlin hayakuwa ya vitabu peke yake. Mwezi wa Oktoba 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyefanya kazi ya kiwanda. Sheria ya Ujerumani haikuikataza ndoa hiyo. Katika miezi hiyo hiyo kulizuka mgogoro chuoni juu ya heshima aliyostahiki mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Mtoro hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kama mwalimu, na ukubwa wa mwalimu, kwa malezi yake, haukupungua kwa sababu ya rangi ya mwanafunzi. Mwaka 1905 aliacha kazi, akapanda meli na mkewe ili warejee kwao.

Hapo ndipo jambo lilipofika mahali pabaya. Walipofika pwani ya Afrika Mashariki, serikali ya Gavana Götzen ilikataa Bertha asishuke melini. Wakubwa wa koloni waliona kwamba mwanamke wa Kijerumani akionekana mjini akiwa mke wa Mwafrika, utawala wao utapungua heshima machoni mwa watu. Mwaka huo ndio wa Maji Maji, na hofu ya serikali ilikuwa kubwa. Mtoro alikuwa na njia mbili: ashuke peke yake katika nchi yake amwache mkewe baharini, au arudi pamoja naye katika nchi iliyomchosha. Akarudi naye.

Tukio hilo lastahili kutazamwa kwa utulivu. Mtu huyu ndiye aliyewafundisha maofisa wa koloni namna ya kusema "karibu" na "hodi". Ndiye aliyewaandikia sura nzima juu ya ndoa, mahari, wageni na wajibu wa mwenyeji. Alipobisha hodi katika bandari ya kwao, hao hao ndio waliomfungia mlango. Wala hakunyamaza. Aliandika kwa wakubwa wa Berlin kudai haki yake, kwa adabu na kwa hoja, ingawa madai yake hayakumrudisha nyumbani.

Kuanzia mwaka 1909 alipata kazi Hamburg, katika taasisi ya koloni ambako Carl Meinhof alikuwa profesa, akawa msaidizi wa lugha hadi mwaka 1913. Baada ya hapo aliishi kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwezi wa Julai 1927, bila ya kuiona tena Bagamoyo.

Mdachi aliyewasema Wadachi

Mwaka 1913 alifika Berlin mwalimu mwingine, Mdachi bin Sharifu. Jina lake lenyewe ni kichekesho cha historia, kwani Mdachi ndilo jina walilopewa Wajerumani mwambaoni. Asili yake ilikuwa tofauti na ya Mtoro. Alikuwa mwalimu wa skuli ya serikali ya Tanga, skuli iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kutoa makarani, walimu na mafundi kwa ajili ya koloni zima, na iliyokuwa na mitambo ya chapa iliyotoa gazeti la Kiswahili, *Kiongozi*. Kizazi hiki kiliandika Kiswahili kwa harufu za Kirumi na kilisoma magazeti. Elimu yake ilikuwa ya ofisi na ya chapa kuliko ya msikiti na baraza.

Vita vya mwaka 1914 vilimkuta Ujerumani, na njia ya kurudi ikafungwa. Vilipokwisha, Ujerumani ikiwa imeshindwa na wanasiasa wake wakidai warejeshewe makoloni kwa hoja kwamba waliyatawala vyema na kwamba wenyeji waliwapenda, Mdachi alifanya jambo ambalo mwajiri wake hakulitarajia. Mwaka 1919 alisimama mbele ya hadhara za Wajerumani, akaalikwa na wapinzani wa vita na wa siasa ya koloni, akaeleza utawala huo ulivyokuwa kwa waliotawaliwa. Alisema habari za kiboko na minyororo. Kwetu adhabu ya viboko 25 ilijulikana kwa jina la hamsa ishirini, na hapakuwa na mtu wa mwambao aliyehitaji kuelezwa maana yake. Wasikilizaji wengi wa Ujerumani walikuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa Mwafrika. Watetezi wa koloni walimshambulia vikali. Kazi yake ya ualimu wa Berlin ikafikia mwisho.

Lililo muhimu hapa si ushujaa tu. Kazi ya mwalimu wa lugha wa Berlin ilikuwa kutamka maneno ambayo wengine wameyachagua: sentensi za mazoezi, amri za kumwita mpishi, maswali ya hakimu kwa mshitakiwa. Mdachi aliyatumia maarifa yale yale, ya lugha mbili na ya kusimama mbele ya watu, kusema maneno aliyoyachagua mwenyewe.

Mwalimu wa mwisho

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, na jina lake la awali lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita vilipoanza, mtoto huyu wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake, na kabla ya vita kwisha alijeruhiwa na kutekwa. Baadaye alifanya kazi katika meli za Kijerumani, na mwaka 1929 akateremka Ujerumani kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa. Aliambiwa kuwa muda wa kudai umepita.

Hakuwa na chuo nyuma yake kama Mtoro, wala skuli ya kufundishia kama Mdachi. Elimu yake ilitokana na kambi, meli na mji. Tangu mwaka 1931 alifundisha Kiswahili katika taasisi ile ile ya Berlin, wakati Diedrich Westermann alipokuwa mkubwa wa elimu ya Kiafrika huko. Mshahara ulikuwa mdogo, basi alifanya pia kazi ya kuandaa meza mkahawani. Mapenzi yake yalikuwa katika uigizaji. Alionekana katika filamu zisizopungua 20, aghalabu akipewa nafasi ya mtumishi au askari. Mwaka 1941 aliigiza katika filamu iliyomtukuza Carl Peters, yule yule ambaye watu wa bara walimwita Mkono wa Damu.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kumlaumu. Alivaa sare ya askari wa zamani, akaomba nishani ya utumishi, akaamini kwamba aliyeitumikia dola hiyo angelihesabiwa kuwa mtu wake. Lakini tangu mwaka 1933, utawala wa Hitler ulikuwa ukimpokonya hatua kwa hatua kila alichodhani ni chake, kuanzia na uraia. Mwaka 1941 aliacha kazi ya chuo baada ya kutoelewana na wakubwa wake. Mwezi wa Agosti mwaka huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila ya hukumu ya mahakama katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Kiswahili alichokifundisha kwa miaka kumi kwa wanafunzi waliotarajia kurejea Afrika kutawala hakikumnunulia hata kesi.

Waliyotuachia

Ukiwaweka pamoja, walimu hawa hawafanani. Wawili walikuwa Waarabu wa Unguja, mmoja mtu wa chuo wa Mrima, mmoja mwalimu wa skuli wa Tanga, mmoja mtoto wa askari aliyekulia vitani. Mmoja alipenda kusimulia safari, mwingine kukusanya desturi, mwingine siasa, mwingine mchezo wa kuigiza. Wala hawakuwa na msimamo mmoja juu ya dola iliyowaajiri. Lililowaunganisha ni kwamba wote waliitwa kwa ajili ya sauti zao, na kila mmoja kwa njia yake aliona ilivyo tabu kuitwa kwa ajili ya sauti bila ya kupewa haki ya kusema.

Katika mtaa wa Brunnenstraße mjini Berlin, tangu mwaka 2007, limo katika njia ya waendao kwa miguu jiwe dogo la shaba lenye jina la Bayume Mohamed Husen. Mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyokuwa na jina la Peters katika mji huo ilipewa jina la Maji Maji. Hizo ni kumbukumbu za huko, na wenye mji ndio wanaozihitaji zaidi. Kwetu kumbukumbu inayofaa ni ya namna nyingine, nayo haihitaji jiwe. Lugha ambayo tangu mwaka 2021 imepewa siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai, inafundishwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi, na katika madarasa mengi ya Kiswahili ughaibuni kuna mwenyeji wa Unguja, Mombasa, Lamu au Dar es Salaam anayesahihisha matamshi, anayeeleza methali, anayesoma hati za zamani kwa ajili ya kitabu cha mtu mwingine. Swali aliloliacha Mtoro bado liko mbele ya kila kitabu kinachotoka katika darasa hilo: ni jina la nani litakalotiwa katika jalada?

Hapa nyumbani wajibu ni mwepesi zaidi, na kwa hiyo uzembe wake hauna udhuru. Maandishi ya Amur bin Nasur yameandikwa kwa Kiswahili cha kisiwa hiki. Ya Mtoro yanasomeka na kijana yeyote wa sekondari mwenye mwalimu wa kumweleza maneno machache yaliyokwisha kupitwa na wakati. Kuyasomesha katika skuli zetu, kwa majina ya waliyoyaandika, ni kuwarudisha walimu hawa darasani. Huko Berlin walisimama chini ya profesa; hapa wangesimama mahali ambapo desturi ya chuo imemweka mwalimu siku zote, mbele ya wanafunzi wake.